Mimba Iliyotoka Si Mimba Iliyotolewa

Maneno ya kesi woka wetu katika mkutano wa familia wa Jumamosi

 

Nianze na karatasi moja. Mama mmoja, ambaye ameniruhusu kusimulia bila kutaja jina lake, alirudi kutoka hospitali usiku baada ya kupoteza mimba ya wiki 9. Asubuhi mume wake, ambaye Kiingereza chake amekiokota kazini, aliichukua karatasi waliyompa mkewe akaisoma. Akaona neno aboshoni. Hakuuliza kitu. Siku nne hakumsemesha mkewe, na mama wa watu analia hajui kosa lake. Waliponiletea karatasi ile, nilikuta daktari ameandika jambo moja tu: mimba imetoka yenyewe.

Sisi tuna maneno mawili. Mimba kutoka, au kuharibika, ni jambo linalompata mtu. Kutoa mimba ni jambo ambalo mtu ameliamua. Madaktari wa hapa Marekani wana neno la zamani linalobeba yote mawili, na huongeza neno jingine mbele kuonyesha kwamba imetoka yenyewe. Ukiliruka hilo la mbele, umeshamhukumu mtu asiye na hatia. Kwa hiyo mkipata karatasi ya namna hiyo, iletenI ofisini kabla hamjagombana.

Sasa tuulizane: kwa nini mimba hutoka? Kati ya mimba 10 zilizothibitishwa hospitali, 1 hivi huharibika katika miezi mitatu ya kwanza. Ni nyingi, ila watu hawasemi. Karibu nusu yake ni kwa sababu mbegu za baba na mama zilipokutana, hesabu ya kromosomu haikukaa sawa, na mtoto hakuweza kukua. Si kwa sababu ulibeba ndoo, au ulifanya kazi, au ulikutana na mume wako, au uligombana na wifi. Na dawa za uzazi wa mpango ulizotumia zamani hazikuhusika. Mtu asikubebeshe mzigo huo.

Ukiona damu, au maumivu ya tumbo, nenda ukapimwe. Watakufanyia altrasaundi na kupima damu. Mimba ikiwa changa sana, wanaweza kukuambia urudi baada ya wiki moja au mbili wapime tena. Si kwamba wanakupuuza. Wanataka kuwa na hakika kabla ya kusema imekufa. Waulize pia kundi lako la damu. Likiwa hasi, daktari ataamua kama unahitaji sindano kwa ajili ya mimba zijazo.

Ikithibitika kwamba mimba imekufa, na huvuji damu nyingi wala huna homa, kuna njia tatu, na wewe ndiye wa kuchagua. Wengi wetu hatukuzoea kuulizwa na daktari tunataka nini. Hapa ukiulizwa, jibu.

Njia ya kwanza ni kusubiri. Mwili wenyewe unaitoa. Kwa wanawake kama 80 kati ya 100 inakwisha, lakini inaweza kuchukua hata wiki 8. Inamfaa anayetaka kuwa nyumbani bila dawa, na anayeweza kuvumilia kutojua siku.

Njia ya pili ni vidonge. Mara nyingi unameza kwanza mifepristoni, halafu baada ya siku moja hivi unatumia misoprostoli, ambayo kwa kawaida huwekwa ukeni. Ndani ya saa chache tumbo linakaza, na damu inatoka na mabonge, kuliko hedhi yako. Uwe na pedi kubwa, dawa ya maumivu, na mtu mzima karibu. Utafiti wa hapa Marekani wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kwa dawa hizo mbili, wanawake 84 kati ya 100 walimaliza kwa dozi moja. Kwa misoprostoli peke yake walikuwa 67. Si kila mahali wana zote mbili, kwa hiyo uliza. Na usishtuke ukisoma kwenye karatasi ya dawa kwamba mjamzito asitumie. Misoprostoli ilianza kama dawa ya vidonda vya tumbo, na onyo hilo ni kwa mimba iliyo hai.

Njia ya tatu ni ile tunayoiita kusafishwa. Najua neno hilo linatisha. Wengine mlisikia kambini kwamba aliyesafishwa hazai tena. Siku hizi wanatumia mrija wa kuvuta, unapewa ganzi au usingizi, na inachukua dakika chache. Karibu wote wanamaliza siku hiyohiyo. Hatari ya kuumia kizazi ipo, lakini ni ndogo, na wengi huzaa tena salama. Kama unataka kuzika kilichotoka, sema kabla hujaingia, maana baadaye inaweza kuwa vigumu kukipata.

Njia yoyote utakayochagua, zipo dalili zisizongoja asubuhi. Damu ikilowesha pedi kubwa mbili kwa saa moja, na saa ya pili vilevile. Homa ya nyuzi 38 na zaidi, ambayo kwa vipimo vya hapa ni 100.4. Uchafu wenye harufu mbaya. Kizunguzungu cha kuanguka. Maumivu makali upande mmoja wa tumbo au begani, maana mimba inaweza kuwa nje ya kizazi. Hapo nenda emajensi, au piga 911. Sheria ya mwaka 1986 inaitaka emajensi ikupime na kukutuliza hata kama huna bima wala pesa. Bili tutaishughulikia baadaye.

Wengine mnaogopa polisi. Ni kweli tangu 2022 sheria za kutoa mimba zimekuwa kali katika majimbo mengi. Lakini kutibiwa mimba iliyokwisha kufa si kosa katika jimbo lolote. Usikae ndani na damu kwa hofu.

Na mkalimani ni haki yako, bure. Ukifika mapokezi sema "Swahili", watampigia kwa simu au video. Usimtumie mtoto wako. Binti wa miaka 12 hapaswi kumwambia mama yake kwamba mtoto wa tumboni amekufa. Na mkalimani akisema "kutoa mimba", msimamishe hapohapo, umuulize: imetoka, au imetolewa?

Mwisho nasema na ninyi baba. Mkeo akirudi, mwachie ndoo na jiko kwa siku kadhaa. Subirini kukutana mpaka daktari aruhusu, na mjue mimba nyingine inaweza kuingia hata baada ya wiki mbili, kabla ya hedhi. Nawe pia umepoteza. Mnaweza kulia wote wawili.

Yule baba wa karatasi, nilipomsomea neno lile la mbele, alinyamaza muda mrefu. Kisha alimgeukia mkewe akamuuliza, "Bado tumbo linauma?" Hilo ndilo swali lililotakiwa kuulizwa asubuhi ile ya kwanza.

Mwenye swali la faragha, mlango wangu uko wazi.