Wengi Wape, Lakini Ahadi ni Deni

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Kamati Ndogo ya Elimu na Utamaduni katika sherehe ya miaka 62 ya Uhuru, Toronto, Jumamosi, 9 Desemba 2023

 

Mwenyekiti ametupa dakika kumi na tano na ametuonya kwamba pilau haisubiri hotuba. Tutajitahidi.

Kila mwaka siku kama ya leo tunazungumza habari za Tanganyika na 9 Desemba 1961. Mwaka huu kamati yetu imeombwa izungumzie Zanzibar na viti vyake katika Bunge la Jamhuri ya Muungano. Tarehe zenyewe zinatusukuma. Kesho inatimia miaka 60 tangu Zanzibar ipate uhuru kutoka kwa Mwingereza, 10 Desemba 1963. Mwezi ujao, tarehe 12 Januari, ni miaka 60 ya Mapinduzi, na 26 Aprili ni miaka 60 ya Muungano.

Lakini ipo sababu nyingine, na kila mtu humu ndani anaijua. Katika mkutano mkuu ujao tutapigia kura pendekezo la kufuta kifungu cha katiba yetu kinachowatengea ndugu zetu wa Visiwani viti viwili katika kamati kuu ya watu tisa. Wanaotaka kukifuta wanasema Wazanzibari ni wachache, basi wagombee kama wengine, na wengi wape. Wanaotaka kibaki wanasema ndivyo tulivyokubaliana siku makundi yetu mawili yalipoungana. Maneno yamekuwa makali, hata watu waliokuwa wakipakuliana futari sasa wanasalimiana kwa mbali. Kwa hiyo tumeona ni vyema, kabla ya kura, tukumbushane jambo hili lilivyokwenda nyumbani.

Tuanze mbali kidogo. Tanganyika na Zanzibar zilipata mabaraza ya kutunga sheria mwaka mmoja, 1926, yote mawili chini ya Mwingereza, na wajumbe wake waliteuliwa. Zanzibar ilipiga kura kwa mara ya kwanza mwaka 1957, kwa viti sita tu. Kufikia Julai 1963 viti vilikuwa 31. Katika uchaguzi ule Afro-Shirazi ilipata zaidi ya kura 54 katika kila 100, lakini ikaambulia viti 13. ZNP na ZPPP, zikiwa na viti 18 kwa pamoja, ndizo zilizounda serikali. Hatuyasemi haya kufukua makaburi. Humu ndani wamo watoto na wajukuu wa pande zote. Tunayasema kwa sababu yanatufundisha jambo moja: idadi ya kura ni kitu kimoja, na idadi ya viti ni kitu kingine. Mzanzibari alilijua hilo kabla ya Muungano kuzaliwa, na ndiyo maana akisikia mtu anataka kugusa viti, hushtuka.

Hati za Muungano zilitiwa sahihi na Mwalimu Nyerere na Mzee Karume tarehe 22 Aprili 1964. Zilitaja mambo 11 ya Muungano, zikaiachia Zanzibar serikali yake kwa mambo mengine, na zikatamka kwamba Zanzibar itakuwa na wawakilishi katika Bunge la Muungano. Idadi yao ilikuja katika Katiba ya Muda ya 1965: wajumbe wa Baraza la Mapinduzi wasiozidi 32, na wengine wasiozidi 20 ambao Rais aliwateua kwa kukubaliana na Rais wa Zanzibar. Bara ilikuwa na majimbo 107 ya kuchaguliwa. Sensa ya 1967 ilikuta Zanzibar ina watu takriban 355,000 katika nchi ya watu zaidi ya milioni 12. Yaani watatu katika kila mia, lakini Bungeni wakapewa nafasi kubwa zaidi ya hapo. Haikuwa bahati mbaya. Ilikuwa ndiyo bei ya nchi mbili kukaa meza moja.

Hata hivyo, viti vilikuwepo lakini kura haikuwepo. Katika chaguzi za 1965, 1970 na 1975, hakuna Mzanzibari aliyekwenda kituoni kumchagua mbunge wake wa Muungano. Wabunge wa Visiwani walikaa Karimjee kwa uteuzi. Mambo yalibadilika polepole: TANU na ASP ziliungana kuwa CCM tarehe 5 Februari 1977, Katiba ya kudumu ikafuata mwaka huo huo, na mwaka 1980 Zanzibar ikapata Baraza lake la Wawakilishi. Kisha ukaja 1984, mwaka ambao wazee wanaukumbuka kwa kuchafuka kwa hali ya hewa ya kisiasa, Mzee Aboud Jumbe akajiuzulu. Mwaka huo huo katiba zote mbili zilifanyiwa kazi kubwa, na uchaguzi wa 1985 ukaja na majimbo 50 ya Zanzibar katika Bunge la Muungano.

Sasa tafadhali tusikilizane hapa, maana hesabu hii hutaisikia vijiweni. Mwaka 1985 Bara ilikuwa na majimbo 119 na Zanzibar 50. Mwaka 1995, uchaguzi wa kwanza baada ya vyama vingi kurudi, Bara 182, Zanzibar 50. Mwaka 2020, Bara 214, Zanzibar 50. Kwa hiyo hakuna kiti hata kimoja alichopunguziwa Mzanzibari, lakini sehemu yake ya majimbo imeshuka kutoka karibu 30 katika kila 100 hadi 19. Wako pia wabunge watano wanaochaguliwa na Baraza la Wawakilishi kutoka miongoni mwao, na viti maalumu vya wanawake, lakini navyo havigeuzi picha. Anayesema Zanzibar inazidi kujipendelea Bungeni hajafungua vitabu.

Tuseme pia ukweli wa upande wa pili, kwa sababu wengi wetu katika kamati hii tumetoka Bara na tunaujua vizuri. Kwa sensa ya 2022, Zanzibar ina watu 1,889,773, na Bara ina watu 59,851,347. Ukigawa kwa majimbo ya 2020, mbunge mmoja wa jimbo la Bara alisimamia watu karibu 280,000, na wa Zanzibar hawakufika 38,000. Mtu wa Temeke au wa Geita akiuliza kwa nini, hajatukana mtu. Anauliza swali la haki.

Jibu mojawapo tunaishi nalo hapa hapa. Kisiwa cha Prince Edward kina wabunge wanne katika Bunge la Kanada. Sensa ya 2021 ilihesabu huko watu 154,331, yaani kila mbunge watu kama 38,600. Angalieni jinsi kinavyokaribia Zanzibar! Mwaka huo huo sisi wa Ontario tulikuwa na wabunge 121, na kila mmoja alikuwa na watu zaidi ya 117,000. Hatujawahi kusikia kazini au kwenye basi mtu wa Toronto akilalamika kwamba wale wa kisiwani wanamdhulumu.

Lakini na wao walipitia tabu. Mazungumzo ya kuunda Kanada yalianzia kwao, Charlottetown, mwaka 1864, miaka 100 kamili kabla ya Muungano wetu. Muungano wa 1867 waliukataa. Waliingia mwaka 1873, baada ya deni la reli kuwaelemea, wakaahidiwa kwamba deni litabebwa na meli za mvuke zitawaunganisha na bara mwaka mzima. Walianza na wabunge sita. Kwa kuwa makubaliano yaliruhusu idadi kufuata sensa, na mikoa mingine ikaendelea kujaa watu, wakashuka hadi watano, kisha wanne. Walikwenda mahakamani, wakashindwa. Walipofika kuhesabiwa watatu, ndipo mwaka 1915 Katiba ikarekebishwa: jimbo lolote lisiwe na wabunge wachache kuliko maseneta wake. Kisiwa kina maseneta wanne. Tangu hapo hawajashuka chini ya wanne.

Tofauti yetu na wao ni kwamba kwetu ahadi iliwekewa kufuli. Ibara ya 98 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inasema kuna mambo ambayo hayabadilishwi kwa theluthi mbili za Bunge zima tu. Ni lazima zipatikane theluthi mbili za wabunge wote wa Bara, na theluthi mbili za wabunge wote wa Zanzibar, kila upande ukihesabiwa peke yake. Mambo hayo yameorodheshwa katika Nyongeza ya Pili, na mojawapo ni idadi ya wabunge kutoka Zanzibar. Kwa sheria za kawaida, wabunge 50 wa Zanzibar hawawezi kuwashinda wengi wa Bara hata wakipiga kelele usiku kucha. Ndiyo ikishasemwa imeshinda. Kinachomlinda mdogo ni hesabu ya pili.

Wengi wetu katika kamati hii ndogo ni wauguzi, tuliopata shahada zetu huku ughaibuni, na jambo hili tunaliona kila zamu. Kabla ya kumwongezea mgonjwa damu, wauguzi wawili huhakiki pamoja jina lake, namba yake na kundi la damu, kisha wote wawili hutia sahihi. Mmoja anaweza kuwa na miaka 20 kazini na mwenzake miezi sita. Sahihi ya mkubwa haifuti haja ya sahihi ya mdogo. Haina maana kwamba hatuaminiani. Ni kwamba kosa likishaingia mshipani, halitoki.

Kufuli hiyo si pambo. Mwaka 2014, Bunge Maalumu la Katiba lilipokaa Dodoma, kura zilihesabiwa hivyo hivyo, Bara mbali na Zanzibar mbali, kila upande ukitakiwa kufikisha theluthi mbili. Tume ya Jaji Warioba ilikuwa imependekeza serikali tatu, na Bunge dogo la Muungano la watu 75: 50 wa Bara, 20 wa Zanzibar, na watano wa kuwakilisha watu wenye ulemavu. Pendekezo hilo halikupita, na kura ya maoni iliyopangwa kufanyika 30 Aprili 2015 iliahirishwa. Maswali yamebaki. Wa Bara wanauliza kwa nini mbunge wa Pemba apige kura kuhusu afya na kilimo cha Bara wakati wa Bara hana sauti katika Baraza la Wawakilishi. Wa Visiwani wanauliza imekuwaje mambo ya Muungano yakatoka 11 hadi 22. Yote mawili ni maswali halali, na hatutayamaliza kabla ya pilau.

Turudi kwenye jumuiya yetu. Kamati inasema nini? Haisemi kwamba kifungu cha viti viwili ni msahafu. Katiba hubadilishwa. Inasema kwamba kifungu kile kilikuwa sharti la kuungana, na sharti la kuungana halifutwi na upande mmoja kwa sababu tu umekuwa mkubwa. Wengi wape, ni kweli, tukichagua ukumbi, mpishi au siku ya pikiniki. Lakini ahadi ni deni, na mwenye deni hapigi kura peke yake kulifuta.

Tukumbuke pia kwamba sote humu tunajua uchache. Wengi wetu tuliochukua uraia wa Kanada tumepoteza wa Tanzania, kwa kuwa sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Hata wenye pasipoti ya nyumbani hawapigi kura wakiwa huku. Kila mwaka tunaandika barua kuomba watu wa ughaibuni wasikilizwe, na hoja yetu siku zote ni kwamba uchache wetu usiwe sababu ya kutusahau. Hoja hiyo hatuwezi kuitumia Dodoma kisha tukaikataa Scarborough.

Na msiba unapotupata katika baridi hii, mfuko wa rambirambi ni mmoja. Umejazwa na wa Tandale na wa Micheweni. Tusiupasue kwa ajili ya viti viwili.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, pendekezo la kufuta kifungu liahirishwe hadi pande zote mbili zikae na kuzungumza. Pili, katiba yetu iongezwe kipengele: kifungu hicho kibadilishwe tu kwa theluthi mbili za wanachama wa Bara na theluthi mbili za wanachama wa Visiwani, kila upande ukihesabiwa mbali. Wazanzibari wakiona wenyewe kwamba viti hivyo havihitajiki tena, watasema wenyewe.

Nakala za pendekezo ziko mezani karibu na mlango, na Katibu anapokea maoni hadi mwisho wa Januari. Tafadhali chukueni moja kabla ya kwenda kwenye chakula.