Leta Ramani Kabla ya Kuchimba Msingi

Mazungumzo kwa wamiliki wa ploti zinazopakana na mito na maeneo oevu katika Kaunti ya Kiambu



Kiambu ni nchi ya miinuko na mabonde. Mito ya Ruiru, Thiririka, Ndarugu, Kamiti na Gatharaini huteremka kuelekea kusini-mashariki na maji yake huishia katika Mto Athi. Pale Kikuyu kuna Ondiri, eneo oevu ambalo ndilo chanzo cha Mto Nairobi. Ukikanyaga nyasi za Ondiri zinatikisika chini ya mguu, kwa sababu zinaelea juu ya maji. Maji hayo hupita katikati ya jiji, huungana na Athi, na mwishowe huingia Bahari ya Hindi karibu na Malindi, mto ukiwa tayari unaitwa Sabaki.

Zamani shamba la familia lilianzia mgongoni mwa kilima na kuishia mtoni. Nyumba zilijengwa juu, karibu na njia. Bondeni palipandwa nduma, miwa na majani ya ng'ombe. Mto ukifurika, uliloweka nduma kisha ukarudi mahali pake, na hakuna aliyelala nje. Leo shamba lile limegawanywa kwa watoto, likagawanywa tena kwa wajukuu, kisha likakatwa ploti za futi 50 kwa 100. Aliyepata kipande cha juu amekwisha kujenga. Aliyerithi au kununua kipande cha chini hana kilima cha kujengea. Ana mto nyuma ya ua, na mkononi ana akiba ya miaka mingi au mkopo wa chama. Mazungumzo haya ni yake kwanza.

Na neno lenyewe ni moja: ramani ije afisi ya mipango kabla fundi hajachimba msingi. Mstari uliochorwa kwenye karatasi husogezwa kwa kifutio. Msingi wa mawe husogezwa kwa tingatinga.

Mto una kipimo chake

Watu wengi wamesikia kuhusu mita 30 na wakaogopa, na wengine wamesikia kuhusu mita 6 na wakajenga. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 ziliweka kipimo hivi: kila upande wa mto, ukanda unaolingana na upana wa mto wenyewe usilimwe wala usijengwe. Ukanda huo usipungue mita 6 na usizidi mita 30, na upimwe kwa kuzingatia mahali maji yalipowahi kufika mto ulipofurika zaidi. Kwa hivyo kijito cha mita 3 bado huachiwa mita 6. Mto wa upana wa mita 10 huachiwa mita 10.

Chukua mfano wa ploti ya futi 50 kwa 100. Hiyo ni kama mita 15 kwa 30, yaani mita mraba 450. Ikiwa upande mfupi ndio ulio mtoni na ukanda ni mita 10, mita mraba 150 zinaachwa na 300 zinabaki. Nyumba ya familia inaenea hapo bila shida. Lakini ikiwa upande mrefu ndio ulio mtoni, ukanda ule ule unachukua mita mraba 300, na kinachobaki ni kipande chembamba cha mita 5 kwa 30. Ploti mbili za bei moja, kando ya mto mmoja, na moja tu ndiyo inayojengeka vizuri. Jambo hili halionekani kwenye hatimiliki. Linaonekana pale mtaalamu anapofika na kamba ya kupimia.

Wengine huuliza: je, kaunti inachukua ardhi ya mtu? Mito na maziwa ni ardhi ya umma kwa mujibu wa Ibara ya 62 ya Katiba. Ukanda wa ukingo ulio ndani ya mipaka ya hatimiliki haumfanyi mwenyewe apoteze hati yake, bali kinachobanwa ni matumizi yake. Hapo anaweza kuacha nyasi na kupanda miti ya kiasili inayoshika udongo. Mikaratusi ikae mbali, maana hunywa maji mengi.

Maeneo oevu ni habari nyingine. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, kifungu cha 42, inakataza mtu kuweka jengo ndani ya mto, ziwa au eneo oevu, au kulikausha, bila idhini ya maandishi ya Mkurugenzi Mkuu wa NEMA baada ya athari kwa mazingira kutathminiwa. Kumwaga malori ya maramu na mawe mpaka kinamasi kikauke si kutengeneza ploti. Ni kuvunja sheria hiyo, hata kama jirani naye amefanya vivyo hivyo.

Maji hayapotei, huhama

Eneo oevu hufanya kazi kama sponji. Hunyonya mvua kubwa na kuiachia polepole wakati wa kiangazi. Ukilijaza udongo, maji yaliyokuwa yakikaa pale hutafuta pa kwenda, na aghalabu huenda kwa jirani wa chini. Ukuta wa mawe ukijengwa hadi ndani ya mto, mkondo hubanwa, hupata nguvu na kuula ukingo wa ng'ambo. Gharama humwangukia mtu ambaye hakushauriwa.

Kisha kuna shimo la choo na tanki la maji taka. Kando ya mto maji ya ardhini yako karibu na uso wa ardhi. Mvua ikizidi, shimo hujaa kutoka chini, uchafu huchanganyika na maji yanayoingia kisimani, na watoto wa jirani huanza kuhara. Ndiyo sababu maafisa huuliza kuhusu choo hata kabla ya kuuliza kuhusu paa.

Masika ya mwaka 2024 hayajasahaulika. Usiku wa kuamkia Aprili 29, maji yaliyokuwa yamezuiwa mahali pa kupitia chini ya reli huko Kijabe yalipasua na kushuka hadi Mai Mahiu, ng'ambo tu ya mpaka wa kaunti hii, yakaua makumi ya watu. Kote nchini mafuriko ya msimu ule yaliua zaidi ya watu 200. Waliolala katika njia ya maji usiku ule hawakuwa wao walioizuia. Hilo ndilo linalofanya njia ya maji kuwa jambo la jamii nzima na si la mwenye ploti peke yake.

Kumbukeni pia Agosti 2018 jijini Nairobi, majengo makubwa ya biashara yalipobomolewa kwa sababu yalisimama kwenye kingo za mito. Baadhi ya wenyewe walishikilia kwamba walikuwa na hatimiliki na vibali. Karatasi iliyopatikana bila kuuangalia mto kwanza haikuzuia tingatinga, na haizuii maji.

Safari ya ramani

Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inasema hakuna ujenzi utakaoanza bila kibali cha kaunti. Atakayeanza bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa miezi isiyozidi miwili, au vyote viwili. Tena anaweza kuamriwa airudishe ardhi kama ilivyokuwa katika muda wa siku 90, kwa pesa zake.

Safari yenyewe huanza na mpima ardhi mwenye leseni kuhakikisha mipaka. Msanifu aliyesajiliwa huchora nyumba, na mhandisi aliyesajiliwa huangalia msingi, kwa sababu udongo wa bondeni si udongo wa kilimani. Ramani ikifika kaunti, hupelekwa kwa idara na mamlaka zinazohusika ili zitoe maoni. Kwa ploti ya mtoni, hizo ni pamoja na Mamlaka ya Rasilimali za Maji na NEMA. Maafisa hutembelea ploti na kuona mto ulipo, mteremko ulivyo, na alama za mafuriko kwenye miti na kuta za majirani. Mwenye ploti awepo siku hiyo. Ni pale penye nyasi ambapo nyumba husogezwa mita nne mbele, choo kikahamishiwa upande wa barabara, na mradi ukaokolewa.

Baada ya hapo jibu huwa moja kati ya matatu: kibali, kibali chenye masharti, au kukataliwa. Masharti si matusi. Yanaweza kuwa kuinua sakafu, kuacha ukanda wazi, kutumia tanki la maji taka lisilovuja, au kutojenga ukuta wa mawe upande wa mto ili maji yapite.

Haki za mwenye ploti

Sheria hiyo hiyo inamlinda mwananchi. Akikataliwa, ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Asiporidhika, ana siku 14 za kukata rufaa mbele ya kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za mipango ya ardhi, na kutoka hapo anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Jirani anayeathiriwa na mradi naye ana haki ya rufaa kwa muda huo huo. Basi bibi anayeishi chini ya ploti inayojazwa udongo asinyamaze akidhani hana la kusema.

Mwombaji asipojibiwa kwa maandishi katika siku 60, sheria inahesabu kwamba kibali kimetolewa. Lakini tahadhari: ukimya wa kaunti hauchukui nafasi ya idhini ya NEMA mahali inapohitajika, na hausogezi mto hata hatua moja. Mwenye ploti ya mtoni afuatilie jibu lake, aje na nakala za barua alizowasilisha, na asikubali kuambiwa rudi kesho kila siku. Ada hulipwa kwa njia rasmi na risiti hutolewa. Afisa anayetaka pesa mkononi ili afumbe macho anauza kitu ambacho si chake, na siku ya mafuriko hatakuwepo. Aripotiwe kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi.

Neno gumu

Kuna ploti ambazo ziko ndani ya ukanda wa mto mwanzo hadi mwisho. Hakuna ramani itakayoziokoa. Mwenyewe anaweza kuwa alinunua kwa nia njema, akaonyeshwa hati safi, akalipa hadi senti ya mwisho. Ni uchungu, na kumwambia mapema hakuondoi uchungu huo. Lakini aliyeambiwa akiwa bado na pesa za mawe na simiti anaweza kumfuata aliyemuuzia, kutafuta wakili, au kuanza upya mahali pengine. Aliyeambiwa nyumba ikiwa imefika kwenye linta amepoteza ardhi na mjengo pamoja. Aliyeambiwa na mto wenyewe anaweza kupoteza zaidi ya hapo.

Kwa hivyo anayetaka kununua asitosheke na upekuzi wa hati katika afisi ya ardhi. Aende kwenye ploti wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, akiwa na viatu vya mvua. Awaulize wazee wa pale maji yalifika wapi mwaka 2024, na mwaka wa El Niño wa 1997. Atazame mimea: penye matete na mafunjo, maji yako chini hata kama udongo wa juu umekauka. Aulize afisi ya mipango kabla ya kulipa amana. Kuuliza ni rahisi kuliko kubomoa.

Na aliyekwisha kujenga bila kibali asijifiche, wala asikimbilie kuongeza ghorofa. Aje na hati yake na ramani aliyo nayo, ijulikane nyumba yake iko umbali gani kutoka mtoni. Wengine watakuta wako salama na kinachotakiwa ni kurekebisha karatasi na choo. Wengine watakuta hawako salama, na hao ndio wanaohitaji kujua kabla mvua haijaanza.

Fundi naye ana neno lake. Yeye ndiye wa kwanza kufika kwenye ploti na ndiye wa kwanza kuona maji yakijaa mtaroni. Mwenye ploti akimwambia achimbe tu, amwombe kwanza nakala ya kibali. Fundi mwenye jina zuri hupata kazi nyingine. Mwenye nyumba hapati akiba nyingine kwa urahisi.

Wazee waliacha bonde kwa nduma kwa sababu waliujua mto. Ploti zimekuwa ndogo, lakini mto bado unadai nafasi yake ile ile. Ramani ikiletwa mapema, mara nyingi nafasi ya nyumba hupatikana, na maji nayo yakabaki na njia yao.