Leso za Nyanya



Nyanya yetu aliacha sanduku zima la leso. Mama hakutaka ziguswe. Kila akizifungua, hulia. Lakini je, leso ikitobolewa na wadudu yamfaa nani?

Kwanza tuliwauliza warithi wote, maana nguo za marehemu ni mirathi, si za mwenye ufunguo. Waliporidhia, tulizifua, tukaondoa palipochakaa, tukaunga vipande tabaka mbili: shuka moja ya Mama, nyengine za watoto wachanga wa wasiojiweza.

Hiyo ni sadaka tu, Zakatul-fitri iko pale pale. Wala usitoe matambara! Aal Imran, aya ya 92, yatufunza kutoa tukipendacho. Leso aliyoipenda zaidi, Mama aliikata mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.