Mtoto wa Mwami Aliyeanzia Dukani



Wapo wanaodhani chama hujengwa kwa hotuba tu. Leo nawaletea habari za kijana wa Burundi aliyeanza na hesabu za duka.

Louis Rwagasore alizaliwa mwaka 1932, mtoto mkubwa wa kiume wa Mwami Mwambutsa. Alisoma Astrida, kisha Ubelgiji. Aliporudi mwaka 1956 angaliweza kukaa barazani kwa baba yake akaamkiwa mpaka uzee. Yeye akawaendea wafanya biashara wadogo, na mwaka 1957 akawaunganisha katika ushirika. Wengi walikuwa Waswahili wa Buyenzi, mjini Usumbura (leo Bujumbura), watu wa lugha yetu hii hii. Wabelgiji waliutazama ushirika ule kwa jicho baya. Mtu akishajua bei ya haki ya mali yake, huanza kuuliza na mengine! Fedha zilileta taabu, lakini watu wale hawakutawanyika. Wakawa nguvu ya chama cha UPRONA mjini, pamoja na Wahutu na Watutsi waliotaka uhuru upesi.

TANU ilikuwa rafiki wa UPRONA, na Nyerere rafiki wa Rwagasore.

Mwaka 1960 ikatoka amri: ndugu wa karibu wa Mwami wasishike madaraka ya siasa. Jina lake halikutajwa, wala hapakuwa na haja. Mwezi Oktoba akawekwa kizuizini, uchaguzi wa wilaya ndogo ukafanywa yeye hayupo, UPRONA ikashindwa. Umoja wa Mataifa ulipopiga kelele, akafunguliwa mwezi Desemba.

Tarehe 18 Septemba, 1961, wananchi walijibu: viti 58 katika 64! Siku kumi baadaye akawa Waziri Mkuu.

Tarehe 13 Oktoba alipigwa risasi hotelini Usumbura. Alikuwa na miaka 29. Aliyefyatua bunduki alikuwa Mgiriki, Kageorgis. Lakini waliohukumiwa pamoja naye walikuwamo Warundi, viongozi wa chama cha PDC kilichoshindwa katika kura.

Nasema wazi, ndugu zangu: UPRONA ilimwegemea mno mtu mmoja. Uhuru ulipofika tarehe 1 Julai, 1962, wakubwa wa chama walikuwa wameanza kugombania kiti chake, na muda si mrefu chama kikapasuka pande mbili.