Mche ni Bei Rahisi, Gharama ni Maji

Mazungumzo ya kamati ya fedha kwenye harambee ya mwaka ya wana-Tabora waishio Dar es Salaam



Mmezoea kutuona kamati ya fedha tukisimama hapa kusoma mapato na matumizi. Leo hesabu ziko kurasa za nyuma, mtazisoma wenyewe. Tumeomba dakika chache tuzungumzie kifungu kimoja tu cha bajeti: miti ya barabarani kule nyumbani.

Kila aliyemo humu ana mwembe wake Tabora, awe wa Kwihara, Gongoni, Isevya au Ng'ambo. Husimuliwa kwamba miembe ya njia ya misafara ilitokana na kokwa walizotupa wapagazi, na wapagazi wengi walikuwa babu zetu Wanyamwezi. Kama ndivyo, kokwa zile zilibahatika kuangukia tarehe nzuri. Maembe kwetu huiva mvua zinapoanza, kwa hiyo kokwa iliyotupwa Desemba ilipata miezi kadhaa ya kuteremsha mzizi kabla ya kiangazi.

Sasa tazameni desturi ya leo. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni Aprili 1. Kwa ndugu zetu wanaopata masika kuanzia Machi hadi Mei, ni wakati wake. Sisi tuna msimu mmoja wa mvua, na ikifika Mei umekwisha. Mche wa Aprili unapigwa picha, unamwagiwa ndoo moja na mgeni rasmi (utuwie radhi, mheshimiwa), kisha unaachwa hadi Novemba. Kinachosalia anamalizia mbuzi wa jirani.

Kwa hiyo kamati inapendekeza miti 100 tu, ipandwe Desemba, na fedha nyingi ziende kwenye kuitunza kwa viangazi viwili. Mche mmoja ukipewa ndoo ya lita 20 mara mbili kwa wiki, Mei hadi Oktoba, ni ndoo 52. Viangazi viwili ni ndoo 104, yaani lita 2,080 kwa mti mmoja.

Ndoo hizo atazibeba nani? Sote tunajua kwamba nyumbani ndoo hukaa kichwani kwa mama na mtoto wa kike. Hatuwezi kukaa Dar es Salaam tukapitisha kwa makofi kazi ya kichwa cha mtu mwingine bila kuilipa. Tumekadiria shilingi 300 kwa kila ndoo, maji pamoja na mkono wa mbebaji: 31,200. Uzio wa kuzuia mbuzi, 15,000. Mche wenyewe, 2,000. Jumla ni shilingi 48,200. Tunaomba 50,000 kwa mti; zinazobaki ni za daftari na gharama za kutuma fedha.

Wapo watakaouliza kama hii si kazi ya manispaa. Manispaa ina sehemu yake, na TARURA lazima watuonyeshe mahali pa kupanda kwenye hifadhi ya barabara, ili mti usije ukang'olewa siku mtaro unapochimbwa. Lakini hakuna ofisi itakayopita kila mlango Jumatano na Jumamosi na ndoo. Anayejua kwamba mche umeanza kusinyaa ni yule anayefungua mlango asubuhi akauona mbele yake. Ndiyo maana kila mti utaandikwa kwa nyumba inayoutazama. Mwenyekiti wa mtaa atashika daftari, na malipo yatatoka kila mwisho wa mwezi mti ukionekana hai. Matunda na kivuli ni vya wenye nyumba. Hatutatuma mtu kudai embe.

Mwembe utakwenda penye nafasi pana. Pengine tutapanda mjohoro na mwarobaini, ambayo huvumilia ukame. Chini ya nyaya za umeme tusipande kabisa. Kuna miti ilipandwa hapo, na kila mwaka inakatwa vichwa mpaka inatia huruma.

Karatasi zinaanza kupita kutoka meza ya mbele. Andika jina lako, idadi ya miti na mtaa unaotaka ipandwe. Mtaa usiopata mwenyekiti aliye tayari kushika daftari hautapewa miti msimu huu, kwa hiyo kabla hujaandika, mpigie simu ndugu yako aliyeko kule umuulize.