Nyuki Wanaokaa Ukutani Mwetu



Ukitaja nyuki katika mji wetu wa Uvira, watu wanauliza mizinga inagawiwa wapi. Wanaona mradi umefika, kutakuwa na semina, kisha asali ya kuuza sokoni. Mzinga ni kitu kizuri, na mwenye shamba huko milimani, mbali na nyumba za watu, namtakia heri. Ila katika parsele za Kimanga, Kasenga au Mulongwe, ambako ukuta wangu ndio ukuta wako na watoto wanacheza chini ya dirisha la jirani, mzinga ni hatari tupu. Nyuki wetu wa asali ni mkali, na akishtuliwa huja na ukoo mzima.

Asubuhi hii nawasemea nyuki wengine. Hawa hawangoji mradi. Wengi wenu mmelala nao nyumba moja usiku wa kuamkia leo.

Nenda kaangalie tundu la kufuli la mlango usiotumika, au shimo la msumari uliong'oka, au ncha ya tete iliyotokeza kwenye uzio. Huenda ukakuta tundu limezibwa kwa udongo, kwa utomvu wa mti uliokauka, au kwa vipande vya majani vilivyobandikwa kimoja juu ya kingine. Mama mwenye nyumba huchukua kijiti akakwangua, akidhani ni uchafu wa nyigu. Wakati mwingine ni nyigu kweli. Wakati mwingine mle ndani mna watoto wa nyuki, wamepangwa mstari mmoja, kila mmoja na chumba chake.

Wataalamu huwaita nyuki wapweke. Hawana malkia, hawana vibarua, hawana ghala la asali. Kila jike anajitegemea. Anatafuta tundu linalolingana na mwili wake, anapeleka humo chavua, ule unga wa manjano wa maua, anauchanganya na maji matamu ya maua mpaka uwe donge. Juu ya donge anataga yai moja. Anajenga kizuizi, anaanza chumba kingine, anaendelea hivyo hadi tundu lijae, kisha anaziba mlango na kwenda zake. Mayai ya majike anayaweka ndani kabisa, ya madume karibu na mlango, kwa sababu madume ndio hutangulia kutoka. Na kwa kuwa hana akiba ya asali wala kundi la kulinda, hana sababu ya kukushambulia. Unaweza kusogeza uso karibu na mlango wake, naye akakupita akiendelea na kazi. Atakuuma ukimbana kwa vidole, lakini hatakuletea wenzake.

Huko Marekani na Ulaya watu wanafuga jamii moja ya nyuki hawa, nyuki waashi, wanaojenga vyumba vyao kwa udongo, ili wachavushe miti ya matunda, yaani wabebe chavua kutoka ua hadi ua matunda yashike. Wananunuliwa wakiwa bado ndani ya vifuko vyao, wanasafirishwa kwa posta, na majira ya baridi wanatunzwa kwenye friji hadi maua ya matunda yakaribie kufunguka. Wako vijana wa hapa walioyaona hayo kwenye simu wakatamani kuagiza. Nawasihi msiagize. Nyuki yule ni wa nchi za baridi, mwili wake unahitaji miezi ya baridi ndipo aamke. Sisi tuko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, kando ya maji ya vuguvugu, na baridi hiyo hatuna. Tena mdudu wa kigeni haji peke yake, anakuja na maradhi yake. Tuchukue ustadi wao, mdudu tumwache kwao.

Na katika ustadi huo Wajapani wametangulia mbali. Katika mkoa wa Aomori, wakulima wa matofaa walianza miaka ya 1940 kuwatumia nyuki waashi wa kwao wenyewe, waliowakuta pale pale. Wakawapa nyumba gani? Matete. Matete makavu yaliyokatwa, yakafungwa mafungu na kuwekwa bustanini. Nchi yenye viwanda vyote vile, na nyuki wake wanaochavusha matofaa wakalala katika mmea ambao sisi tunauona kila siku kandokando ya Tanganyika na Ruzizi, tukautumia kwa uzio na kuwashia moto!

Basi nyumba ya nyuki wetu tuianze na matete. Chukua mabaki ya uzio wa zamani, au nunua fungu moja. Usiende peke yako kukata kwenye mdomo wa Ruzizi, viboko na mamba wa pale hawana mchezo. Na popote utakapokata, chagua yaliyokauka, using'oe shina. Mizizi ya tete ndiyo inayoshika ukingo, na sisi tuliouona mto Mulongwe ukifurika usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, tunajua ukingo mtupu unatugharimu nini.

Tete lina vifundo. Kata nyuma kidogo ya kifundo, ili upande mmoja uwe umejifunga wenyewe na wa pili uwe wazi. Urefu wa shibiri moja unatosha. Tumia msumeno wa meno madogo au kisu kikali sana, maana mdomo uliopasukapasuka unachana mbawa za nyuki anapoingia na kutoka. Kisha changanya upana, kuanzia tundu linalopitisha kijiti cha kiberiti mpaka linalokaribia kidole kidogo. Hapo natia mkazo, kwa sababu hatufugi aina moja. Wako wadogo kiasi kwamba utawadhania sisimizi wenye mbawa, wako wakubwa kuliko nyuki wa asali, na kila mmoja anataka mlango wa kipimo chake. Ukipata matete thelathini au arobaini, yafunge kwa kamba yasitikisike, yapenyeze ndani ya bidoni kuukuu iliyokatwa upande mmoja, nayo itakuwa paa. Itundike chini ya upenu, kwenye urefu wa kifua, midomo ya matete ikitazama jua la asubuhi. Kwetu Uvira hilo halihitaji dira: elekeza ziwani. Waya wa kutundikia upake grisi. Usipofanya hivyo, sisimizi watapanda na kula kila kilichomo.

Yuko mmoja ambaye tete halimfai. Ni yule nyuki mkubwa mweusi anayevuma kama pikipiki ya mbali, anayetoboa miti mikavu. Huyu katika mji wetu anaonewa. Watu wanammwagia petroli tunduni, wanamziba na misumari, kwa kuwa ametoboa boriti la nyumba. Boriti lina thamani, sikatai. Lipake rangi au mafuta, hatalipenda. Lakini mtafutie badala yake: tawi nene la mwembe lililokauka, au kipande cha mti laini, ukifunge kwenye uzio mahali pasipofikiwa na mvua, karibu na marakuja.

Kwa nini marakuja? Kesho litazame ua lake. Sehemu zinazotoa unga zinaning'inia juu, na pale unga unapotakiwa kufika pako juu pia. Nyuki mdogo anapita chini, anakunywa, anaondoka bila kugusa kitu. Yule mweusi mkubwa anajaza nafasi yote, mgongo wake unasugua juu, unatoka umepakaa manjano, na ua la pili linaupokea unga huo. Marakuja ya manjano hayazai kwa unga wa mmea ule ule. Lazima uletwe kutoka mmea mwingine. Pasipo nyuki huyu, mkulima anabaki kupaka ua moja moja kwa kidole. Huko Brazil, ambako marakuja yalitoka, wako wakulima wanaoweka magogo na mianzi mashambani ili nyuki wa namna hii wakae karibu.

Biringanya nayo ina siri yake. Unga wake umefungiwa ndani ya vijimirija vyenye tundu nchani. Nyuki hulikumbatia ua, huligandama, halafu hutetemesha mwili wake mzima, na unga humwagika. Ukisogea utasikia sauti ikibadilika, inakuwa kali ghafla. Nyuki wa asali, pamoja na sifa zake zote, hawezi kazi hiyo. Kule Nguruman, kusini mwa Kenya, watafiti Gemmill-Herren na Ochieng' waliwafuatilia nyuki kwenye mashamba ya biringanya, na mwaka 2008 wakachapisha walichokiona: waliobeba kazi ni nyuki mkubwa anayetoboa miti na mwingine mdogo anayechimba ardhini. Tena ua la biringanya halina maji matamu. Hao nyuki walipaswa kunywa mahali pengine, kwenye vichaka na miti ya porini iliyobaki pembeni. Hebu wenye mashamba ya Ruzizi mliofyeka mpaka mwisho wa mfereji mlifikirie hilo.

Katika Kivu yetu hii hatukukosa watu wa kutufundisha. Théodore Munyuli, Mkongomani wa kituo cha utafiti cha Lwiro, alitumia miaka akichunguza nyuki katika mashamba ya Uganda, na alikuta mamia ya aina. Mamia, ndugu zangu, na sisi tuna jina la mmoja tu.

Nije sasa kwa jambo linaloniuma. Utawakuta watu wakitazama majani ya mbaazi au ya waridi, wameona matundu ya mviringo ukingoni, safi kana kwamba yamekatwa na mkasi, na mara moja wanakwenda kununua dawa. Ngojeni kwanza. Kaeni hapo jua likipanda. Anakuja nyuki wa kijivu, anashika ukingo wa jani kwa miguu, anaanza kukata huku akijizungusha, kama anayechora duara akiwa yeye mwenyewe ndiye kalamu. Ni sekunde chache tu. Kipande kinapokatika yeye tayari anaruka nacho, amekikumbatia chini ya tumbo. Anakwenda kukiviringisha tunduni kiwe kuta za chumba cha mtoto. Anahitaji vipande kumi na kadhaa kwa mtoto mmoja. Mbaazi haifi kwa matundu hayo. Na unga wa maua anaubeba hapo hapo chini ya tumbo, kwenye manyoya, haubebi miguuni kama nyuki wa asali. Ukiona nyuki mwenye tumbo la manjano kwa chini, umemjua. Ukimpulizia dawa, umemuua yule ambaye ua lako la mbaazi lilikuwa linamngoja.

Mnaopulizia nyanya dawa, nawaomba mpulize jioni, na msipulize juu ya maua yaliyo wazi. Bado dawa itadhuru, lakini itadhuru pungufu.

Asali hamtapata. Nalisema wazi ili asije mtu akakasirika baada ya miezi mitatu. Mtakachopata ni boga ambalo halikudondoka. Mnajua lile ua la boga lenye kitunda kidogo nyuma yake, ambacho pengine hugeuka manjano na kuanguka kabla hakijawa kitu. Mara nyingi kimekosa unga tu. Mama anayelima maboga nyuma ya nyumba kwa ajili ya majani na matunda atauona mwenyewe huo utofauti kwenye sahani ya watoto.

Baada ya kutundika, usishikeshike. Mlango wa tete ukizibwa, andika tarehe kwa kalamu kwenye tete lenyewe, wape watoto kazi ya kulitazama. Usilipasue kuona kilichomo. Baada ya wiki au miezi, kizibo kitatobolewa kutoka ndani. Tete lililotumika halifai kurudiwa mwaka hadi mwaka, linajaa vidudu vinavyokula unga na watoto. Mafungu ya zamani yatie ndani ya katoni yenye tundu moja dogo, uiweke pale pale chini ya upenu. Waliobaki ndani watafuata mwanga watoke, na nje watakuta fungu jipya la matete limetundikwa tayari.