Kuzuia Unyevu na Kutoa Maji katika Masanduku ya Mbao ya Banda Hai: Mazingira ya Chimala

Banda hai, yaani banda la wavu au kioo ambamo mnyama mdogo huishi pamoja na mimea iliyoota udongoni, lina mfano mashuhuri uliotokana na Nyanda za Juu Kusini za Tanzania. Mradi wa umeme wa Kihansi ulipopunguza maji ya maporomoko yaliyokuwa yakilowesha makazi ya chura wa Kihansi, vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2000 kuzalishwa mabandani. Mwaka 2009 spishi hiyo ilitangazwa kuwa imetoweka porini, na mwaka 2010 vyura 100 walirejeshwa nchini na kutunzwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Viumbe wa namna hii huhitaji unyevu wa kudumu, na unyevu huo ndio unaoangamiza mbao. Hoja ya makala hii ni kwamba sanduku la mimea huozeshwa zaidi na maji yaliyokosa pa kutokea kuliko na maji yanayoingia, kwa hiyo njia ya kutolea maji hupangwa kabla ya kufikiria rangi au kitu kingine cha kupaka.

Kwa fundi wa mji wa Chimala, katika nyanda hizo, mbao zilizo karibu na bei nafuu ni za paina, mti unaopandwa kwa wingi Sao Hill wilayani Mufindi, na mbao hizo zisipotiwa dawa huanza kushambuliwa na kuvu unyevu wake unapozidi takribani asilimia 20 kwa muda mrefu. Hata hivyo, mbao zilizotiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki hazifai ndani ya banda la chura, kwa sababu chura hunywa maji kupitia ngozi yake na hupokea kwa njia hiyohiyo sumu inayochuruzika. Oili chafu ya magari, ambayo wengi huipaka mbao kuzuia mchwa, inapaswa kukataliwa kabisa kwa sababu hiyohiyo.

Kinga iliyo salama ni nailoni nzito inayotandikwa ndani ya sanduku, ikakunjwa kwenye pembe bila kukatwa na kubanwa kwa pini juu ya usawa wa udongo pekee, kwa kuwa kila pini iliyo chini ya usawa huo ni tundu jipya. Ncha za ubao, ambazo hunyonya maji haraka kuliko ubavu wake, huzibwa kwanza kwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa, lakini upande wa nje wa sanduku huachwa upumue ili unyevu uliopenya upate kukauka. Sakafu huinamishwa kidogo kuelekea tundu moja, na kipande kifupi cha bomba la plastiki hupitishwa katika nailoni na ubao kwa pamoja, kikazibwa pembeni kwa silikoni isiyo na dawa ya kuua kuvu. Bila bomba hilo, maji hupita katikati ya nailoni na ubao, mahali ambapo jicho halifiki. Kabla ya udongo kuwekwa, sanduku hujazwa maji, bomba likiwa limezibwa kwa muda, na kuachwa usiku kucha ili kuona kama linavuja, na huinuliwa juu ya vipande vya tofali ili hewa ipite chini yake.

Kosa linaloenea zaidi ni kuamini kwamba kokoto chini ya udongo hutoa maji. Udongo laini huyashika maji kwa nguvu zaidi kuliko mianya mipana ya kokoto, hivyo maji husimama juu ya tabaka hilo hadi udongo ushibe, na mizizi hukosa hewa hapohapo. Kokoto hufaa tu kama hifadhi ya maji yaliyokwisha kushuka. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa bonde la Usangu, unaothaminiwa mashambani kwa kushika maji ya mpunga, haufai sandukuni kwa sababu ya sifa hiyohiyo; udongo mwepesi huchanganywa na mchanga mkubwa na pumba za mpunga zilizochomwa hadi kuwa mkaa, ambazo katika mji wa mpunga kama Chimala hazikosekani.

Maji yanayotoka bombani hukingwa kwa ndoo. Ugonjwa wa kuvu ya ngozi uligunduliwa kwa vyura wa Kihansi mwaka 2003, idadi yao porini iliposhuka ghafla, kwa hiyo maji ya banda la vyura hutiwa dawa ya klorini kabla ya kumwagwa ili kuvu hiyo isienee, na yasimwagwe kamwe katika Mto Chimala wala mfereji unaoingia humo.